Kushukuru Nako ni Ufundi

Agari, kitu cha kuoteshea vijidudu, ikitoka kwenye mtungi wa mvuke, ambamo imepikwa kwa nyuzi 121, haimiminwi papo hapo. Mtaalamu wa maabara huigusa chupa kwa kiganja. Ikiunguza, bado. Ikishikika bila kuumiza, imeshuka hadi nyuzi 50 hivi, na hapo ndipo kiuavijasumu hutiwa. Ukiwahi, joto huiharibu dawa. Ukichelewa, agari huganda chupani kama uji uliolala. Mwanafunzi huonyeshwa jambo hili na mtu aliyemtangulia maabara, ambaye atabaki pale akiosha vyombo siku mwenzake atakapoondoka na medali.

Nimeanza na chupa hiyo kwa kuwa nataka kusifu ufundi ambao wengi hawauhesabu kuwa ufundi: kushukuru. Sote tumeuzoea ule mtindo wa kusema, "Nawashukuru wote walionisaidia kwa hali na mali, ni wengi mno, siwezi kuwataja mmoja mmoja." Maneno ni matamu, lakini aliyeshika chupa hajioni ndani yake.

Wanafunzi wa baiolojia sanisi, taaluma ya kupanga jeni upya ili kiumbe kifanye kazi mpya, wamewekewa kipimo kikali zaidi. Mashindano yao ya iGEM yalichipuka kutoka kozi fupi iliyofundishwa MIT, Marekani, Januari 2003. Mwaka uliofuata vyuo 5 vikashindana, na leo timu hutoka mabara mbalimbali. Mojawapo ya masharti ya medali ya shaba ni timu kueleza nani alifanya nini: kazi ipi ni ya wanafunzi wenyewe, nani aliwafundisha, nani aliwapa vifaa. Shukrani imekuwa sehemu ya ushahidi.

Na inastahili. Mwaka 2009 wanafunzi saba wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walitwaa tuzo kuu kwa mradi wa E. chromi. Walipandikiza jeni za viumbe wengine ndani ya bakteria E. coli, nao wakatoa rangi zinazoonekana kwa macho: nyekundu, machungwa, kahawia, zambarau. Wabunifu wawili, Alexandra Daisy Ginsberg na James King, walikaa nao kufikiria rangi hizo zingekuja kuwafaa watu vipi, na majina yao yanatajwa na mradi huo hadi leo. Hakuna aliyepungukiwa kwa kutajwa kwao. Mkeka hushonwa kwa kili nyingi, na kumtaja aliyesuka ukili mmoja hakumnyang'anyi mshonaji mkeka wake.

Hasara huja pale jina linapoachwa. Agari yenyewe ina kisa chake. Mwaka 1881 daktari Walther Hesse, akifanya utafiti chini ya Robert Koch huko Berlin, alisumbuka kwa sababu gelatini aliyooteshea vijidudu iliyeyuka wakati wa joto. Mkewe, Fanny, aliyekuwa akimsaidia kazi na kumchorea vielelezo, akamshauri atumie agari, kitu cha mwani alichokuwa akigandishia vyakula jikoni. Siri hiyo aliipata kwa jirani aliyewahi kuishi Java. Ushauri ukafaa. Mwaka uliofuata Koch alitangaza kijidudu cha kifua kikuu na kuitaja agari, lakini hakumtaja Fanny. Sahani tunayomiminia agari ina jina la aliyeibuni, Petri, hadi leo. Aliyeileta agari yenyewe, wengi wanaoimimina kila siku hawamjui. Na yule jirani wa Java hajulikani kabisa.

Ndiyo maana nasema ni ufundi. Unataka kumbukumbu, kwa hiyo ziandikwe tangu siku ya kwanza, si usiku wa kuamkia mashindano. Unataka kipimo, usimpe mfadhili kurasa mbili na fundi nusu mstari. Zaidi ya yote unataka kitenzi sahihi: "alitusaidia" halitoshi, andika "alitufundisha kupima joto la agari kwa kiganja."

Nawe mwanafunzi unayefunga mradi wako mwaka huu, kabla hujaandika "ni wengi mno," rudi maabara. Muulize aliyekushikisha chupa jina lake kamili, na jinsi linavyoandikwa.