"Sh" ya Bi Siti Haikuwa Kelele

Kila mwenye ugonjwa wa santuri ameshaiona video ile: meza ya chakula, kitambaa cha mauamaua, sahani ya santuri ya HMV yenye picha ya mbwa, na mkusanyaji anayetabasamu kama mtu aliyeokota lulu. Na lulu ameokota kweli. Ni sauti ya mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad, iliyorekodiwa Bombay mwishoni mwa miaka ya 1920. Hadi katikati ya video kazi inakwenda vizuri. Kisha anafungua programu, anabonyeza kitufe kimoja, na Bi Siti anageuka kibogoyo.

Ya kabla ya hapo yanastahili sifa, na sifa yenyewe ni fupi. Sahani imeoshwa kwa maji na tone la sabuni laini. Sindano ni ya mikroni 76, saizi ya mifereji ile mipana. Mwendo umepimwa kwa duara la mistari 77 chini ya taa ya umeme wa hezi 50. Spiriti haikuguswa, alhamdulillahi. Safu hii imeshachoka kurudia kwamba utomvu wa lac uliomo ndani ya sahani ni uleule ambao seremala huuyeyusha kwa spiriti apate vanishi, na bado hakosekani anayeisugua sahani kwa spiriti ya dukani kisha akashangaa imepauka.

Sasa kitufe. Mkusanyaji anachagua sekunde mbili za mwanzo, kabla udi haujaingia, anaiambia programu kwamba hiyo ndiyo kelele, halafu anaagiza kelele hiyo ifutwe upande mzima. Kitelezi anakiburuta hadi karibu na mwisho. Anaposikiliza anafurahi: kimya kama msikiti saa nne asubuhi.

Kosa linaanzia kwenye sampuli. Kwenye sahani ya inchi 10, mfereji wa ukingoni hupita chini ya sindano kwa kasi inayokaribia mita 1 kwa sekunde. Ukifika karibu na lebo, kasi hiyo imeshuka chini ya nusu. Mkwaruzo nao hubadilika njia nzima, na ukisikiliza kwa makini utausikia ukivuma na kutulia kila sahani inapozunguka. Sekunde mbili za ukingoni haziijui kelele ya ubeti wa mwisho. Zimepewa kazi ya kuihukumu hata hivyo.

Hilo lingevumilika. Lisilovumilika ni "sh".

Konsonanti s, sh, f na th hazina noti. Ni pumzi inayojipenyeza kati ya ulimi, meno na midomo, na kwenye kioo cha kompyuta inafanana mno na mkwaruzo wa sahani: vurugu la masafa mengi kwa pamoja. Programu haijui Kiswahili. Ikiagizwa kufuta vurugu la namna hiyo, inafuta mchakaricho wa unga wa mawe uliochanganywa katika sahani, na inafuta "sh" ya mwimbaji vilevile. Kwa mpiga tarumbeta hasara ni ndogo. Kwa taarabu ni msiba, maana mtu hukaa kuisikiliza kwa ajili ya maneno. "Sindano" na "shindano" zinatoka "indano" zote mbili. Tena kina cha Kiswahili hakihesabiwi kwa irabu peke yake. "Sha" na "ta" si kina kimoja kwa mtunzi yeyote anayejiheshimu. Ondoa "sh", ubaki na "a" tupu inayoelea, na shairi lililopimwa kwa mizani linasikika kama limetungwa na mlevi.

Na hapakuwa na akiba ya kuchezea. Mitambo ya kurekodi kwa umeme, iliyoingia sokoni 1925, ilinasa masafa ya hadi kilohezi 5 na kidogo. Nusu ya "s" ilibaki Bombay. Kilichofika kwenye sahani ni ile nusu nyingine, na ndiyo iliyofutwa mezani.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba dawa ilikuwa palepale kwenye kioo. Programu yenyewe, Audacity, ina chaguo la kusikiliza masalia, yaani kile tu kinachotaka kutupwa. Angelibonyeza, angemsikia Bi Siti akinong'ona ndani ya takataka, silabi kwa silabi. Hapo mtu hurudisha kitelezi nyuma bila kuambiwa.

Kuna pia kidonda cha zamani. Waya wa mkusanyaji unapita kwenye amplifaya ya santuri za kisasa, iliyotengenezwa kwa mizani ya mwaka 1954 ya RIAA, chama cha kampuni za santuri za Marekani. Mizani hiyo hupunguza sauti nyembamba kwa desibeli 8 hivi kwenye kilohezi 5, na karibu 14 kwenye kilohezi 10, kwa sababu sahani za zama zake zilinyanyuliwa sauti hizo wakati wa kurekodi. Za HMV za 1928 hazikunyanyuliwa. Kwa hiyo "sh" ilikatwa mara moja na amplifaya, mara ya pili na kitufe.

Marehemu John R. T. Davies asingefanya hivi. Huyu ni yule Mwingereza wa bendi ya Temperance Seven aliyepanda jukwaani na tarbushi kichwani kama mzee wa Malindi anayekwenda maulidini, kisha akirudi nyumbani anasafisha sahani za jazi. Kabla ya kompyuta alikuwa akitafuta kila mlio wa "pa!" kwenye utepe na kuukwangua kwa wembe, mmoja mmoja. Mlio uliondoka, mkwaruzo aliuacha, na mwimbaji akabaki na pumzi zake. Katika miaka ya 1980 alikuwapo pia Robert Parker, aliyezitia sahani za mono stirio ya kubuni na mwangwi wa ukumbi. Aliuza sana. Safu hii haijamsamehe.

Hata hivyo, Parker hakuchoma sahani zake. Mkusanyaji wetu amehifadhi MP3 moja iliyosafishwa na kufuta rekodi ghafi, eti kuokoa nafasi. Dakika tatu za njia mbili, biti 24 kwa kilohezi 96, ni takriban megabaiti 104. Simu iliyorudi kutoka harusini imebeba zaidi. IASA, chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, kinasisitiza kwamba nakala ya kuhifadhi isiguswe kabisa. Studio ya George Blood huko Marekani, iliyozichezesha maelfu kwa maelfu ya sahani hizi kwa ajili ya Internet Archive, ilitumia mikono minne yenye sindano nne tofauti kwa mpigo mmoja na kuweka zote, zilizorekebishwa na zisizorekebishwa, ili mwenye masikio achague mwenyewe.

Mwisho wa video mkusanyaji anaigeuza sahani, anapuliza vumbi, na kuahidi upande wa pili wiki ijayo. Kitelezi, ukitazama kona ya kioo, bado kiko palepale alipokiacha.