Kuitambua Pasi ya Mkaa Iliyohuishwa Vema

Pasi ya mkaa, ambayo kabla ya umeme kuenea mitaani ndiyo iliyonyosha kanzu za Ijumaa na mashuka ya harusi, na ambayo hata leo haijakosa kazi mahali usikofika waya, imepanda daraja ikawa pambo la sebule na bidhaa ya wauza vitu vya kale wa Mji Mkongwe, Mombasa na Lamu. Thamani ilipopanda, hadaa nayo ilipanda. Na aghalabu pasi inayong'aa kupita zote dukani ndiyo iliyodhulumiwa kupita zote karakanani. Kuhuisha chombo cha kale ni kukirudishia kazi yake pasipo kukinyang'anya umri wake. Mnunuzi aishike kanuni hiyo, kisha apime.

Aanze kwa maada yenyewe. Ziko pasi za chuma cha kusubu, na ziko za shaba ya njano, yaani mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, namna iliyosubiwa sana Bara Hindi. Sumaku ndogo mfukoni huamua haraka: shaba haishikwi na sumaku, basi pasi ya manjano inayoivuta ni chuma kilichovikwa joho lisilo lake. Umri usipokewe kwa maneno ya muuzaji, kwa kuwa Henry Seeley wa New York alipata hataza ya pasi ya umeme mwaka 1882, na hata hivyo pasi za mkaa ziliendelea kutengenezwa miaka mingi baadaye; ukale wa namna si ithibati ya ukale wa kitu.

Kisha atazame ngozi yake. Fundi mwenye subira huiondoa kutu kwa brashi, mafuta na muda, akaacha weusi mtulivu uliogandamana na chuma. Fundi mwenye haraka huiweka pasi kwenye jiwe la umeme la kunolea, likala kutu pamoja na chuma. Jogoo wa kusubu, anayekaa juu ya komeo la mbele la pasi nyingi, ndiye mdhamini hapa: undu na manyoya yake yakiwa bado na mikunjo, mkono ulikuwa mwepesi, yakiwa yamelainika mpaka jogoo akakosa jicho, kilichopotea hakirudi. Katika shaba, mabaka mekundu ni dalili ya asidi iliyoachwa kupita kiasi, ikaitoa zinki na kuibakiza shaba nyekundu peke yake. Na mabaka hayo hayafutiki kwa kusugua, maana si uchafu bali ni upungufu wa maada.

Sasa na afungue kifuniko, kwa kuwa nje husafishwa kwa ajili ya macho ya watu na ndani husafishwa kwa ajili ya kazi. Tumbo la pasi halihitaji rangi; lililopakwa rangi nyeusi linaficha ufa, au linangoja kutoa moshi. Aigonge kwa ufunguo: chuma kizima hulia kama chungu kizima, kwa sauti inayodumu, na chenye ufa hujibu kwa sauti fupi iliyozibwa. Ufa uliolehemiwa kwa shaba na kuachwa wazi uonekane hauna aibu. Lakini lehemu ya bati na risasi haina mahali hapa, kwa sababu huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 za selsiasi, ilhali kaa jekundu hupita nyuzi 500. Bawaba nayo ichunguzwe: ribiti mpya iliyofuliwa kwa nyundo ni badala halali, bali parafujo yenye kichwa cha msalaba, ambayo haikuenea ila tangu miaka ya 1930, haiwezi kukaa katika pasi inayodaiwa kuwa ya karne ya kumi na tisa isipokuwa imeletwa na mtengenezaji wa baadaye.

Uso wa chini ndio roho ya kazi yote. Auweke juu ya kioo bapa na kujaribu kupenyeza karatasi pembeni. Pasi isitikisike, wala karatasi isipite katikati ya ubavu. Halafu apitishe kitambaa cha hariri: kikinasa, michirizi ya msasa mkali imeachwa humo, na nguo italipa gharama. Uso mwema umesuguliwa kwa msasa laini kufuata urefu wa pasi, ukapakwa nta ya nyuki ukiwa na moto na kupanguswa.

Mpini usihukumiwe kwa upya wake. Mti uliokerezwa upya ni afadhali kuliko wa kale ulioungua, maadamu umefuata umbo la kiganja na umelishwa mafuta. Vanishi hunata kwa joto. Bati la kukinga mkono, lililo kati ya mpini na kifuniko, likikosekana, bei ishuke sana.

Hukumu ya mwisho ni ya moto, nao uwashwe nje, penye hewa. Makaa yakiisha kushika, kifuniko kifungwe, pasi ipitishwe polepole juu ya kitambaa cheupe cha pamba. Majivu yanayotoka kwenye matundu baada ya kuitikisa ni desturi yake. Yanayotoka kwenye maungio ni kasoro. Harufu ya rangi ni ushahidi dhidi ya fundi, na komeo linalofunguka lenyewe ni hatari kwa nguo na kwa mguu wa mpigaji pasi.

Pasi ikishinda yote hayo, kabla ya kutaja bei mnunuzi aulize viko wapi vilivyotolewa: mpini wa zamani, ribiti zilizokatwa, msumari wa bawaba. Fundi aliyevihifadhi na kuvikabidhi pamoja na pasi anakiri kila alichobadili, na kazi yake yaweza kusahihishwa na mwingine. Huyo astahili bei anayoitaka. Aliyevitupa na apewe bei ya chuma na ujira wa siku.