Loveland Pass: Walijua Hatari Ilipo, Wakapita Chini Yake

Tarehe 20 Aprili 2013 watu sita waliingia Sheep Creek, karibu na Loveland Pass katika jimbo la Colorado, Marekani, baada ya dhoruba za Aprili kumwaga theluji mpya. Watano hawakurudi. Kinachoniuma ni kwamba taarifa ya siku hiyo ya tahadhari ya maporomoko ya theluji, iliyotaja miteremko inayotazama kaskazini, walikuwa wameisoma na kuijadili.

Tatizo lilianza mapema majira ya baridi. Theluji ikiwa haba, hewa huwa baridi kali ilhali ardhini joto liko karibu na nyuzi 0. Mvuke hupanda na kuziumba upya chembe za theluji, zikawa kubwa, zenye pembe na zisizoshikana, kama sukari. Tabaka hilo dhaifu hufunikwa na theluji mpya na kudumu kwa miezi. Theluji ya dhoruba mara nyingi hushikana ndani ya siku mbili tatu, lakini uzito wake huendelea kulilemea tabaka la chini.

Kwa hiyo mpimaji hachimbi shimo akaridhika na theluji ya juu. Kipimo kimoja kinachotumika sana ni cha nguzo ya theluji yenye upana wa sentimita 90. Koleo hulazwa kwenye ncha moja na kugongwa mara 10 kwa nguvu ya kifundo cha mkono, 10 ya kiwiko, 10 ya bega. Ufa ukikimbia nguzo nzima, mteremko huo haukanyagwi. Usipokimbia, bado si ruhusa, maana tabaka lililo chini sana huenda lisiyahisi mapigo hayo.

Kundi lile liliamua kuukwepa mteremko wa kaskazini na kwenda penye miti na mwinuko mdogo. Njia ya kufika huko ilipita chini ya mteremko uleule. Waliachiana kama mita 15. Wakasikia mshindo mzito, tabaka likivunjika chini yao. Punde mlima ukapasuka juu kwa upana wa zaidi ya mita 200.

Mita 15 huenda zikafaa kwa poromoko dogo. Kwa hili, wote sita walikuwa ndani. Vifaa vya kutafutana walikuwa navyo, ila hakubaki mtu wa kuvitumia. Aliyenusurika alikaa amefukiwa karibu saa nne. Ufa husafiri ndani ya tabaka dhaifu kutoka bondeni hadi penye mwinuko wa nyuzi 30 na zaidi, na huko ndiko theluji hukatika. Basi mwinuko wa kupimwa kwanza ni ule ulio juu ya njia, pamoja na umbali ambao theluji yake inaweza kufika ikishuka.