Yadi Moja ya Januari

Kila Agosti, kabla mpira haujarushwa, mashabiki wa futiboli ya vyuo vikuu Marekani hukaa chini wakaandika. Nasema futiboli ya huko, ya kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai. Huandika timu yao itamshinda nani, na kwa alama ngapi. Nasoma uzamili wa fasihi huku Texas, na maandishi haya nayasoma kama ninavyosoma utanzu mwingine wowote: yana mpangilio wake, lugha yake na ujanja wake.

Mpangilio haubadiliki sana. Kwanza nani amebaki na nani ameondoka. Halafu ukuta wa mbele, yaani yale mapande ya watu yanayosukumana ili kwotabeki, anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, apate sekunde chache za kufikiri. Halafu kelele za ugenini. Mwisho matokeo, kwa tarakimu. Mwandishi ni "sisi" tangu sentensi ya kwanza, ingawa jezi yake aliinunua dukani. Hilo halinisumbui. Nimekulia nyumba ambayo Simba ikifungwa, tumefungwa, na chakula cha usiku kinaliwa kimyakimya.

Mwaka 2025 utanzu huu ulipata mtihani wa haki. Kura ya Associated Press ya kabla ya msimu iliiweka Texas nafasi ya kwanza nchini, jambo ambalo halijawahi kutokea katika historia yake. Mechi ya ufunguzi, tarehe 30 Agosti, ilikuwa Columbus, nyumbani kwa Ohio State, bingwa mtetezi. Kwotabeki alikuwa Arch Manning, ambaye baba zake wadogo, Peyton na Eli, wote wametwaa Super Bowl. Mengi niliyoyasoma yalikuwa juu ya ukoo huo, kana kwamba mpira hurithiwa kama shamba.

Lakini kilichonichosha zaidi ni aya moja iliyojirudia kila mahali kwa maneno tofauti: hata tukipoteza, si neno. Hesabu yake ipo. Tangu msimu wa 2024 mchujo wa ubingwa una timu 12, si 4 tena. Msimu huohuo Ohio State ilipoteza mechi mbili, mojawapo kwa Michigan, mahasimu wao wakubwa, na bado ikachukua kombe. Notre Dame ilifungwa nyumbani na Northern Illinois, 16 kwa 14, kisha ikafika fainali. Kwa hiyo shabiki hadanganyi. Anachofanya ni kulipwa fidia kabla ya ajali. Ameandika kuhusu mechi ngumu, halafu akaondoa ugumu wenyewe, na mimi msomaji nimebaki na orodha ya majina na uzito wa wachezaji.

Andiko lililonishika ni la mwanafunzi mwenzangu, lililosambazwa kwa watu wachache tu. Yeye hakuanza na Manning. Alianza na Januari, nusu fainali ya Arlington, Texas dhidi ya hawahawa Ohio State. Texas ilikuwa nyuma kwa alama saba, mpira ukiwa yadi moja kutoka mstari wa mwisho. Jaribio moja likawarudisha nyuma. Muda mfupi baadaye Jack Sawyer akampokonya Quinn Ewers mpira na kukimbia nao yadi 83 hadi upande wa pili. Ikaisha 28 kwa 14.

Mwenzangu alikaa kwenye yadi ile moja kwa kurasa mbili. Alitaka kujua kama ukuta mpya wa mbele unaweza kumsogeza mtu kwa upana wa meza, basi. Hakutaja mchujo hata mara moja. Mwishoni akaandika kwamba tutapoteza, na akaweka tarakimu, jambo ambalo shabiki wa timu namba moja hulifanya kwa aibu.

Texas ilipoteza 14 kwa 7. Tarakimu zake hazikuwa hizo, na sijali. Mkosoaji si mganga wa ramli. Ninachojali ni kwamba mara kadhaa Texas ilifika jaribio la nne ikihitaji yadi chache na ikazikosa, na nilipotazama nilijua nitazame wapi. Wale wa "si neno" walinifundisha kutazama kalenda.

Na kalenda nayo ilikuja kudai. Texas ilimaliza msimu wa kawaida kwa ushindi 9 na vipigo 3, ikaachwa nje ya zile timu 12, na hapo ikaanza hoja kwamba mechi ya Columbus haikupaswa hata kuchezwa. Mikataba ya mechi kama hizi husainiwa miaka mingi kabla, wachezaji wakiwa bado watoto. Wa kuuliza kama ilistahili wangeuliza Agosti, na kwa maandishi.

Mwaka 2026 ni zamu ya Ohio State kuja Austin.