Kipindi cha Hisabati Kilichoiva

Ukitaka kujua kama kipindi cha hisabati kimeiva, kaa dawati la nyuma, karibu na mtoto anayechorachora pembeni mwa daftari. Vifaa visikuzuge. Nimeona vizibo vya soda na kadi za rangi zimejaa meza, watoto wakaimba na kupiga makofi, na kengele ilipolia hapakuwa na aliyefikiri lolote. Kichwani mwako, kiondoe kifaa, uone kama hesabu inapungukiwa. Isipopungukiwa, kilikuwa pambo tu.

Bao ni kifaa kweli. Kila mchezaji ana mashimo 16. Mwalimu anauliza: nikichota kete 16 na kuzitia moja moja kuzunguka upande wangu, ya mwisho itaangukia wapi? Pale pale nilipochota. Na zikiwa 19? Mtoto anayejibu "shimo la tatu mbele yake" bila kugusa kete ameshagawanya kwa 16 na kushika baki. (Mafundi wa bao watalalamika kwamba nimeacha kula na kulala. Darasani, hayo yatasubiri.)

Lakini mimi hungoja kosa. Halikawii: mtoto ataandika ½ + ⅓ = 2/5. Mwalimu wa kawaida anafuta, anatafuta kigawe kidogo cha shirika, anapata 5/6, anasonga mbele. Hesabu imepona, mtoto bado anaumwa. Mwalimu fundi huiacha 2/5 ubaoni na kuuliza: "Ulikuwa na nusu, ukaongezewa. Sasa una zaidi ya nusu, au pungufu?" Kisha ananyamaza. Upime ukimya huo. Wengi wetu hatuuwezi. Sekunde tatu tu, tumeshadokeza jibu. Akiuvumilia, utasikia mtu akinong'ona kwamba 2/5 haifiki hata nusu, mwingine akibisha, na darasa zima kuanza kutafuta vipande vinavyolingana. Asili ya 6 hapo inaombwa na watoto wenyewe. Kelele za ubishi huo usizihesabie kosa, hata mwalimu mkuu akichungulia dirishani.

Kabla hujatoka, tazama daftari la jirani yako. Likiwa nakala safi ya ubao, punguza maksi. Ukikuta chapati iliyochorwa vibaya, ikakatwa vipande vitano, ikafutwa, ikachorwa tena kwa vipande sita, mpe mwalimu wake mkono.