Herufi Moja, Maana Nyingi: Mtu na Jamii katika Riwaya ya Hawthorne

Riwaya ya Nathaniel Hawthorne iitwayo The Scarlet Letter, yaani Herufi Nyekundu, ilitolewa mwaka 1850. Mambo yanayosimuliwa humo, hata hivyo, ni ya Boston ya miaka ya 1640, katika koloni la Wapuritani, ambako dini na sheria zilikuwa karibu kitu kimoja. Hester Prynne, aliyezaa mtoto wakati mumewe hayupo, anahukumiwa kusimama juu ya jukwaa la aibu mbele ya watu, na kuvaa kifuani herufi A maisha yake yote.

Ni kawaida kuisoma riwaya hii kama vita kati ya mtu mmoja na jamii, na kumsifu Hester kwa kuwa alishinda. Tungependa kuuliza: alishinda nini, na kwa njia gani? Swali hili linamhusu mwanaisimu pia, kwa sababu kinachogombewa hapa ni maana ya ishara.

Ferdinand de Saussure alifundisha ya kwamba umbo la ishara na maana yake vimeunganishwa na mapatano ya jamii, na ya kwamba mtu peke yake hana uwezo wa kuyageuza mapatano hayo. Mahakimu wa Boston wanadhani wamekwisha kuifunga maana ya herufi yao. Lakini tangu siku ya kwanza Hester anatokea nayo ikiwa imetariziwa kwa nyuzi za dhahabu. Herufi ni yao. Mkono ulioishona ni wake. Mwandishi naye halitaji neno la uzinzi hata mara moja katika kitabu kizima: msomaji anaachiwa kazi ya kuisoma herufi, sawa na watu wa mji.

Miaka saba inapita. Hester anashona nguo, anasaidia maskini, anauguza wagonjwa. Ndipo wengi wanaanza kusema ya kwamba A ni mwanzo wa neno jingine la Kiingereza, lenye maana ya "mwenye uwezo". Hakuna aliyelitangaza badiliko hilo. Limeletwa na matumizi, kama maneno ya lugha yoyote yanavyobadilika. Kinyume chake, anapoitupa herufi msituni mbele ya mchungaji Dimmesdale, binti yake Pearl anakataa kuvuka kijito mpaka mama airudishe kifuani. Nje ya jamii ishara haipati maana mpya. Inaachwa tu, na aliyeiacha hatambuliwi hata na mwanawe.

Hata hivyo tusiharakishe kushangilia. Hawthorne anatueleza ya kwamba mwanamke huyu mtulivu alikuwa na mawazo huru mno, hata wazee wa koloni, laiti wangaliyajua, wangaliyahesabu kuwa kosa kubwa kuliko lile lililoadhibiwa kwa herufi. Basi waliomwita mwenye uwezo waliisoma mikono yake, wala hawakuisoma akili yake. Dimmesdale ni mfano wa upande wa pili: kadiri anavyojiita mwenye dhambi mimbarani, pasipo kuitaja dhambi yenyewe, ndivyo waumini wanavyozidi kumwona mtakatifu. Mmoja anaivaa ishara, mwingine anaificha, na wote wawili wanasomwa vibaya.

Kwa hiyo ushindi wa miaka saba ni nusu ushindi. Nusu ya pili tunaikuta katika sura ya mwisho. Hester, aliyekwisha kwenda ng'ambo pamoja na Pearl, anarudi peke yake na kuivaa tena herufi bila kulazimishwa na hakimu yeyote. Wanawake wenye huzuni wanamjia katika nyumba yake ndogo kuomba shauri, naye anawaambia tumaini lake ya kwamba siku moja uhusiano kati ya mwanamume na mwanamke utajengwa juu ya msingi ulio bora zaidi. Hapo, kwa mara ya kwanza, mawazo yaliyofichwa yanapata wasikilizaji.

Mwanafunzi atakayeisoma riwaya hii asiishie kuuliza nani alimshinda nani. Aangalie, sura kwa sura, ni nani anayeisoma herufi, na ni kitu gani anachokiacha bila kukisoma.