Kilomita Tano Kamili

Baiskeli bado imeegemezwa kwenye mnazi. Kabla haijagusa njia ya mbio, kuna kipande cha mita 300 ambacho lazima kipimwe kwa mkono, na mpimaji amekichagua hapa, Barabara ya Toure, Dar es Salaam, mahali ambapo lami imenyooka na haina tuta. Wauza mihogo wa Coco Beach hawajawasha majiko. Yeye na kijana anayemsaidia wamepiga magoti pembeni ya barabara, kila mmoja upande wake wa tepu ya chuma ya mita 50. Ncha moja ya tepu imefungwa kwenye mizani ya springi, ya aina ile ya wauza samaki. Hapa haipimi uzito wa kitu. Inapima nguvu ya mkono. Tepu ikilegea inabonyea, ikivutwa mno inanyumbuka, kwa hiyo kila mvuto uwe kilo tano, si zaidi, si pungufu.

"Vuta, mwanangu. Basi. Shikilia hapo hapo."

"Kilo tano, mwalimu."

Alama haichorwi kwa chaki. Mstari wa chaki ni mnene mno kwa kazi hii. Anabandika kipande cha plasta juu ya lami, anakikandamiza kwa kidole gumba, halafu anachora mstari mwembamba kwa kalamu. Wananyanyuka, wanasogea, wanapiga magoti tena. Wakifika mita 300 anachukua kipimajoto kilichokuwa kimelazwa kando ya tepu: nyuzi 29. Tepu hizi hutengenezwa zisome sawasawa kwenye nyuzi 20, na chuma kikipata joto kinatanuka. Anapiga hesabu kwenye daftari, kisha anarudisha alama ya mwisho nyuma kwa sentimita tatu. Sentimita tatu! Halafu wanageuka na kupima kipande chote upya, kutoka mwisho kurudi mwanzo.

Mbio zenyewe ni za kilomita tano, za watu ambao hawajawahi kushindana: karani wa benki, mama lishe, mwanafunzi wa chuo, mzee aliyeshauriwa na daktari apunguze mwili. Hakuna rekodi ya dunia itakayovunjwa hapa. Ungetegemea waandaaji wapime kwa gari au kwa simu, na wengi hufanya hivyo. Nadhani wanakosea. Bingwa ana mbio nyingi mbele yake, na muda wake wa leo utasahihishwa na wa mwezi ujao. Huyu anayeanza, aliyetoka kukimbia dakika moja na kutembea mbili mpaka pumzi ikamkubali, mbio yake ya kwanza ni moja tu. Akiambiwa amemaliza kilomita tano, ziwe tano.

Sasa baiskeli. Ni ya kawaida, ila kwenye ekseli ya gurudumu la mbele kuna kidude cha giya ndogo na tarakimu zinazozunguka. Ni kaunta ya Jones, iliyobuniwa na Mmarekani Alan Jones mwaka 1971; mwanawe Clain ndiye aliyekuwa akiziunda. Njia yenyewe ya kupima kwa baiskeli ilikuwepo kabla yao: Mwingereza John Jewell aliieleza kwa maandishi mwaka 1961. Kaunta haijui mita. Inahesabu mzunguko wa gurudumu tu, kiasi cha tarakimu 11 kwa kila mita, yaani kila tarakimu ni sentimita tisa hivi. Mita zinatoka kwenye kile kipande cha 300.

Anakipita mara nne, mbili kwenda na mbili kurudi. Haendi mbio wala hayumbi. Akikaribia alama anakaba breki ya mbele, anashuka, anausukuma mhimili wa gurudumu polepole mpaka uwe juu ya mstari barabara, kisha anainama kusoma. 3,366. 3,367. 3,366. 3,365. Ukiziangalia namba hizo zilivyoshikamana utaelewa kwa nini amekaa mgongo wima muda wote na hakujibu salamu ya mtu. Wastani unampa tarakimu 11,220 kwa kilomita, halafu anazidisha kwa 1.001. Kanuni inamtaka aongeze mita moja kwa kila kilomita, ili kosa dogo lolote lisije likafupisha njia. Mwaka 1981 Alberto Salazar alitangazwa ameweka rekodi ya dunia ya marathoni mjini New York. Njia ilipopimwa tena ikakutwa pungufu kwa mita 148 hivi.

Ndipo anaingia barabarani, bodaboda yenye bendera nyekundu ikimlinda kwa nyuma. Hapa ndipo ufundi unapoonekana kwa mtu asiyejua. Hafuati katikati ya barabara, wala hafuati upande wake. Anafuata njia fupi kuliko zote ambayo mkimbiaji anaweza kuipita kihalali. Kwenye kona gurudumu liko sentimita 30 tu kutoka ukingoni. Kona ikiisha na nyingine ikaja upande wa pili, anakata mshazari kuvuka barabara nzima, macho yakiwa kwenye ukingo ulio mbali. Dereva wa bajaji anapiga honi. Yeye haonekani kusikia.

Mbele kuna gari limeegeshwa juu ya mstari wake. Mtu mwingine angelizunguka tu. Yeye anasimama nyuma ya bampa, anakaba gurudumu lisizunguke hata kidogo, ananyanyua baiskeli na kuisogeza pembeni, moja kwa moja kama kete ya bao inavyohamishwa shimo. Anaiweka chini, anaachia breki, anapita kando ya gari sambamba na mstari wa awali, anakaba tena, anarudi. Ule mwendo wa kwenda pembeni haukuingia kwenye hesabu. Gari lile siku ya mbio halitakuwepo.

Kila kilomita kijana anapigilia msumari wenye kichwa kipana kwenye lami na kuupaka rangi. Mwalimu anaandika: umbali kutoka nguzo ya taa, namba ya nguzo, upande wa barabara. Rangi itafutika kwa mvua, lakini msumari na maandishi vitabaki. Kisha anarudia njia yote mara ya pili, na hapo pia simwoni akiharakisha.

Jua limepanda, na tairi lina habari yake. Upepo ndani umepata joto, gurudumu limekua kidogo, tarakimu zinapungua kwa umbali ule ule. Kwa hiyo anarudi kwenye kipande cha mita 300 na kukipita mara nne nyingine. Safari hii wastani ni 3,363. Maana yake, vile alivyokwenda kwa hesabu ya asubuhi, njia ni ndefu kidogo, na hilo linavumilika. Anachokiogopa ni mvua ya ghafla, kwa sababu tairi likipoa, njia inakuwa fupi.

Mbio zikishaisha, hakosekani mkimbiaji mpya wa kumfuata akiwa ameshika saa yake ya mkononi. Saa imeandika kilomita 5.08. Mwalimu anayajua malalamiko hayo na hakasiriki.

"Dada, ulipita nje au ndani kwenye zile kona?"

"Nje, mwalimu. Ndani kulikuwa na msongamano."

"Basi zile mita za ziada ulizikimbia wewe mwenyewe, na nyingine saa imekisia kwa setilaiti. Muda wako ngapi?"

"Dakika 41."

"Andika 41," anamwambia, na kumwonyesha msumari.